Mtu wa Korona

Babu yetu alipofariki, mwaka 2021, kazi ya kuandika wasifu wa marehemu niliachiwa mimi, kwa kuwa ndiye ninayesomea shahada ya uzamili ya historia. Bibi alisema, nikaandika: alizaliwa Kasulu, alikuja Tanga akiwa manamba, alifanya kazi korona miaka 22.

Baba mdogo aliyetoka Dar es Salaam aliisoma karatasi, akanivuta pembeni.

"Futa hilo neno. Watu watadhani amekufa kwa ule ugonjwa. Andika kiwanda cha mkonge."

Nikarudi kwa Bibi na kalamu mkononi. Akanitazama. "Kiwanda cha mkonge ndiyo nini, mjukuu wangu? Babu yako alikuwa mtu wa korona."

Kwenye mashamba ya mkonge, Muheza hadi Korogwe, korona ni mashine inayosaga majani na kuacha singa nyeupe. Ni jengo lake pia, na ile harufu inayokuonya kabla hujafika. Neno hilo lilianza kama jina la biashara. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yalipopanuka ikahitajika mashine kubwa, na kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilikuwa nayo, jina lake Corona. Kwa Kilatini, hilo ni taji.

Wafanyakazi wetu hawakuona taji lolote. Walilichukua jina, wakaliandika kwa k, wakalitia kwenye ngeli: korona hili, makorona yale. Mashine za viwanda vingine zilipokuja, nazo zikawa korona, kama ambavyo dawa yoyote ya viatu kwetu ni kiwi. Jina lilikuwa limeshamponyoka mwenyewe.

Zao lenyewe lilipokewa kwa namna nyingine. Wazungu waliliita sisal, jina la bandari ya Mexico ambako nyuzi zilipakiwa melini. Lakini watu wa pwani walikuwa na mkonge wao wa porini, nao wa nyuzi, basi mgeni akapewa jina la mwenyeji. Mashine haikuwa na ndugu huku, ikabaki na jina ililokuja nalo.

Watu je? Manamba limetokana na namba. Mtu aliandikishwa kwao, akapewa namba na kipande cha siku 30. Mashine ilikuwa na jina, aliyeilisha majani alikuwa na namba.

Hapo nikamwelewa Bibi. Babu alianza kwa kukata mkonge juani, akihesabiwa mizigo. Kuhamia korona kulikuwa kupanda cheo, na "mtu wa korona" ndilo jina pekee alilolipata shambani akalipenda. Machi 2020 redio ilipoanza kulitaja kila saa, Babu alicheka: "Leo wametukumbuka." Kisha akasikiliza hadi mwisho, akanyamaza.

Sikulifuta. Siku ya mazishi nilisoma wasifu kama Bibi alivyousema. Nilipofika kwenye neno lile, wageni wa mjini walitazamana, mmoja akavuta barakoa yake juu.

Nyuma, chini ya mwembe, wazee wa kambini waliitikia kwa pamoja: "Naam."