Kabla hujameza kidonge cha usingizi

Mwaka jana nilipitisha karibu miezi miwili bila usingizi wa maana. Nilikuwa nalala saa tano, naamka saa nane usiku, kisha sipati hata lepe hadi adhana ya alfajiri. Mtaani hapakosekani tabibu. Jirani alinipa vidonge vya mafua, binamu yangu aliye Marekani akanitumia kopo la melatonini, na kijana mmoja wa maskani akaninong'oneza kuhusu bugizi. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu kila kimoja.

Vidonge vya mafua na mzio. Vile vidogo vya manjano, klorofeniramini, havikutengenezwa kwa ajili ya usingizi. Huzuia histamini, kemikali inayouweka ubongo macho, na kusinzia ni athari yake ya pembeni. Baada ya siku chache mwili huzoea, na asubuhi kichwa hubaki kizito. Kwa wazee mambo ni mabaya zaidi: huweza kuchanganyikiwa, mkojo kuziba, au kuanguka. Mama yangu ana miaka 74. Usiku mmoja alichukua kidonge nilichokiacha mezani, akaamka kwenda msalani, akaanguka mlangoni na kuvunjika mkono. Yeye alidhani kinachonifaa mimi kitamfaa na yeye.

Bugizi na jamaa zake. Bugizi ndilo jina letu Wapwani la Rohypnol, dawa ya jamii moja na diazepamu. Hizi huleta usingizi kweli, ila mwili huweza kuanza kuzitegemea ndani ya wiki chache. Zikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, pumzi yaweza kukatika. Na aliyezitumia kwa muda mrefu asiache ghafla, maana anaweza kupatwa na kifafa. Daktari ndiye humpunguzia polepole. Usinunue dawa hizi bila cheti cha daktari, wala usizichukue mkononi mwa mtu.

Melatonini. Hii ni homoni ambayo ubongo hutoa giza linapoingia. Humsaidia zaidi mtu ambaye saa ya mwili wake imevurugika, kama aliyetoka safari ndefu ya ndege. Kwa mwenye tatizo la kawaida la kukosa usingizi faida ni ndogo: uchambuzi wa tafiti kadhaa uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha watu walilala mapema kwa takriban dakika 7 tu. Uingereza huuzwa kwa cheti cha daktari, lakini Marekani huuzwa kama virutubisho, na ubora hutofautiana. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima makopo ya aina mbalimbali, wakakuta mengine yana kiasi kidogo sana, na jingine zaidi ya mara tano ya kilichoandikwa.

Magnesiamu na mizizi ya valeriani. Ushahidi wake ni dhaifu. Magnesiamu nyingi huharisha, na ni hatari kwa mwenye figo mbovu.

Basi nini kilinisaidia? Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza kuanza na tiba ya kubadili mawazo na mienendo kabla ya dawa. Kwa ufupi: amka saa ile ile kila siku, kitanda kiwe cha kulala, na ukikaa macho kama dakika 20, inuka ukae kwenye mwanga hafifu hadi usinzie. Kisha chunguza unachokunywa na kutafuna. Mimi nilikuwa nakunywa kahawa tungu barazani baada ya Isha, ilhali nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano. Miraa na muguka pia hufukuza usingizi. Niliihamisha kahawa yangu asubuhi, na baada ya wiki tatu nikaanza kulala, ingawa si kila usiku.

Muone daktari ikiwa hali imepita miezi mitatu, ikiwa unakoroma na kukabwa pumzi usingizini, au ikiwa huzuni imekuzidi. Mtajie kila dawa unayotumia, hata ya kienyeji.

Na ukiwa na vidonge nyumbani, vifungie. Mkono wa mama umepona, lakini hadi leo hawezi kukaa kwenye mbuzi akakuna nazi.