Kwa Nini Mbarara Isingeweza Peke Yake

Tulipokuwa tukijadili neno "ushirikiano" darasani, mmoja wenu alitoa mfano wa mataifa makubwa yanayorusha vyombo angani kwa pamoja. Mfano ule ni sahihi. Hata hivyo, upo mwingine ulio karibu nasi zaidi, nao ulitendeka hospitalini Mbarara, mji tunaoufikia kwa gari kutoka hapa Nakivale na kurudi siku hiyo hiyo.

Kwa vizazi vingi, mtoto aliyezidiwa na malaria kali alitibiwa kwa kwinini, dawa iliyotokana na gome la mti wa Amerika Kusini. Ilitolewa kwa dripu ya saa kadhaa, kila baada ya saa nane. Ikiingia mwilini upesi mno, moyo ulikuwa hatarini. Na hata ikiingia taratibu, iliweza kushusha sukari katika damu. Sasa iwazie wodi iliyofurika wakati wa mvua, na muuguzi mmoja usiku kucha.

Dawa iliyokuja kushindana nayo ilitoka mbali. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta tiba ya malaria, wakati wa vita vya Vietnam. Mwaka 1972 kundi la mtafiti Tu Youyou lilipata atemisinini kutoka katika mmea wa jamii ya pakanga, na hatimaye, mwaka 2015, mama huyo akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kutokana na atemisinini ikatengenezwa sindano ya atesuneti. Mwaka 2005 utafiti uliofanywa Asia kwa wagonjwa 1,461, wengi wao watu wazima, ulionyesha kuwa vifo vilikuwa asilimia 15 kwa atesuneti na asilimia 22 kwa kwinini.

Je, swali lilikuwa limekwisha? Hasha. Wengi wanaouawa na malaria ni watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano, na ugonjwa huu haumshiki mtoto kama unavyomshika mtu mzima.

Hapo ndipo Mbarara inapoingia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilikuwapo tangu 1989, na tangu 1996 kituo cha utafiti cha Epicentre, kilichoasisiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, kilikuwa kikifanya kazi mjini humo. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2010, Mbarara ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi tisa za Afrika vilivyouliza swali moja. Kilifi ya Kenya ilikuwamo. Muheza na Korogwe za Tanzania pia, na nchi kama Rwanda, Kongo, Ghana na Msumbiji. Kiongozi alikuwa Arjen Dondorp, daktari Mholanzi afanyaye kazi Bangkok. Fedha zilitoka Wellcome Trust ya London, na atesuneti ilitoka China. Kila mtoto alipangiwa dawa kwa bahati nasibu, ili daktari asichague.

Sasa chukua kalamu. Watoto 2,713 walipewa kwinini, wakafariki 297. Watoto 2,712 walipewa atesuneti, wakafariki 230. Gawanya: ni takriban watoto 11 katika kila mia dhidi ya tisa hivi. Daktari wa hospitali moja mwenye watoto mia upande huu na mia upande ule angeona vifo 11 na vifo 9, naye angesema ni bahati tu. Tena asingekosea kusema hivyo! Tofauti ile ilionekana dhahiri pale tu hesabu za wote zilipojumlishwa, na zisingejumlishika kama kila hospitali ingekuwa na maana yake ya "malaria kali", kipimo chake cha dawa na fomu yake.

Lipo neno jingine ningependa ulishike. Mzazi au mlezi aliombwa ridhaa kabla ya mtoto kuingizwa katika utafiti. Usiichanganye na idhini. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, mfano mkuu wa shule. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu aliyeelewa na anayeweza kukataa bila mtoto wake kunyimwa matibabu. Nasi tunaoishi Nakivale, ambako Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali hukutana zahanati moja, twajua kwamba mtu hawezi kuridhia jambo aliloelezwa kwa lugha asiyoielewa. Fomu iliyotiwa dole gumba bila kueleweka ni karatasi tu.

Matokeo yalichapishwa katika The Lancet Novemba 2010. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali.

Silifichi hili: watoto walikuwa wetu, lakini uongozi ulikaa mbali. Mambo yanabadilika. Vimelea vinavyochelewa kuuawa na atemisinini vimekwisha kuonekana Afrika Mashariki. Ripoti ya Rwanda ya mwaka 2020 inaanza na jina la Aline Uwimana. Ile ya kaskazini mwa Uganda, iliyofanywa pamoja na Wajapani na kuchapishwa 2021, inaanza na la Betty Balikagala.