Kreti za Bia Kabla ya Miwani

Kujifunza biashara kwa kuigiza kulianza zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1932, huko Leningrad, Mary Birshtein alibuni mchezo wa kuwafunza wasimamizi wa kiwanda cha taipureta.

Marekani ilileta kompyuta. Mwaka 1956 American Management Association ilitengeneza mchezo ulioendeshwa kwa mashine ya IBM 650: wakuu wa kampuni walipanga bei na uzalishaji, mashine ikawarudishia matokeo.

Uliodumu zaidi, na kwa haki kabisa, ni mchezo wa bia wa chuo cha MIT, uliotokana na kazi ya Jay Forrester, profesa wa huko. Muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda huagiza kreti kila wiki bila kuzungumza. Mahitaji ya mnunuzi hupanda mara moja tu, kutoka kreti 4 hadi 8, kisha hutulia. Lakini mzigo huchelewa njiani. Kila mmoja huingiwa na hofu, huagiza kupita kiasi, na ghala hufurika. Wachezaji humlaumu mnunuzi, kumbe masikini hajabadilika tena! Ni mihadhara michache mno inayopenya akilini namna hiyo.

Kisha mafunzo yakahamia kwenye miwani. Chimbuko lake, kofia ya uhalisia pepe ya mtaalamu wa kompyuta Ivan Sutherland, mwaka 1968, ilikuwa nzito hata ikaning'inizwa darini. Nusu karne baadaye, mwaka 2018, kampuni ya maduka ya Walmart ilitangaza kupeleka madukani miwani zaidi ya 17,000 za Oculus Go, na wafanyakazi wakakutana, ndani ya miwani, na umati wa Black Friday, siku ya punguzo kubwa la bei, kabla milango haijafunguliwa.