Mtete wa Bibi na Sigara ya Havana

Sigara ya kwanza ililiwa na wadudu.

Zilikuwa mbili. Mwaka 2013 meli ilikuja Mtwara kupakia korosho, nami bado nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Fundi wake wa mitambo, mtu wa makamo, alinifuma nyuma ya ghala nikinusa ugoro. Akacheka, akaenda chumbani kwake, akarudi na kasha la sigara za Havana, Partagás Serie D No. 4. Akanipa mbili, nene kama kidole gumba, urefu sentimita 12 na ushei. Chini ya kasha palikuwa na muhuri wa kiwandani: 2009. Kwa Kiingereza chake cha kuungaunga na ishara za mikono akaniambia nizilaze miaka mingine, nisiwe na pupa.

Nikazilaza. Kosa langu ni kuziweka sanduku moja na pande la tumbaku ya Songea nililokuwa nikilisagia ugoro. Kwa joto letu la Mikindani, wadudu wa pande lile wakamhamia mgeni. Nilipofungua baada ya masika, moja ilikuwa na matundu kama filimbi. Ya pili niliikung'uta, nikaikagua juani, nikaiingiza kwenye mtete wa bibi yangu. Iliingia kwa shida. Ikakaa humo hadi 2021.

Mtete, kwa msomaji asiye wa huku, ni kijikopo cha mti ambacho Wamakonde walitilia ugoro, dawa au baruti. Sifa yake iko kwenye kizibo: mara kichwa cha mtu, mara mnyama, kinachongwa kikae kwenye mdomo wa kopo bila kupenyeza hewa. Mjerumani Karl Weule alipopanda uwanda wa Makonde mwaka 1906, vumbi la Majimaji halijatulia, aliiona mitete hiyo Newala, akaikusanya, akaipeleka Leipzig. Bibi yangu alizaliwa Newala karibu na miaka hiyo. Wa kwake hakuuona Mjerumani, ukateremka naye Mikindani alipoolewa.

Bibi alikuwa na ndonya kwenye mdomo wa juu na ugoro kwenye pindo la kanga. Mjini alikoolewa alikuta watu wa tambuu: jani, popoo, chokaa, katu, na tumbaku kidogo, uraibu uliokaribishiwa wageni barazani. Alijifunza kutafuna, lakini alibaki mtu wa ugoro. Alinunua tumbaku kwa mkate, maana ndivyo majani yaliyokandwa yakakauka yalivyoitwa, akaufunga kwenye jani la mgomba na kuuweka darini juu ya jiko. Hakuugusa. Mkate mbichi, alisema, unanuka mkojo. Mwaka ukipita aliushusha, akaukata kwa kisu, akaukaanga kwenye kigae, akausaga na magadi. "Mume wangu," aliniita hivyo kama bibi yeyote amwitavyo mjukuu wa kiume, "onja harufu kwanza. Pua ikikataa, mwaka haujatimia."

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi Wakuba wanavyofanya huko Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, nikacheka peke yangu. Majani yakishakaushwa bandani, hupangwa malundo yakachemka kwa joto lake yenyewe, na katika kuchemka huko amonia hutoka. Amonia ndiyo ule mkojo aliousema bibi. Kisha hulazwa, mengine miaka miwili, mengine zaidi. Jani la sehemu ya juu ya mche, wanaloliita ligero, ndilo lenye mafuta mengi na ukali mwingi, na husubiriwa zaidi ya yale ya chini. Sigara kali yenye mwili mzito hupata uzito wake hapo. Jani la nje, capa, ni la sura na mkono. Nguvu iko ndani.

Tumbaku yenyewe ni mgeni aliyezeeka kwetu hadi akasahaulika kuwa mgeni. Novemba 1492 watu wawili wa Columbus waliingia bara ya Kuba wakakuta wenyeji na majani yaliyosokotwa yanawaka moto. Mwaka 1498 Vasco da Gama alikata mbele ya pwani hii akielekea Mombasa na Malindi. Wareno waliomfuata walikaa Kisiwa cha Msumbiji na Ibo, kusini ya mto Ruvuma, na mmea ukapanda nao. Ila jina tunalolitamka liko karibu zaidi na tambaku ya Wahindi, wenye maduka ya mawe ambayo magofu yake bado yapo hapa Mikindani.

Mto haukuwa mpaka wa pua. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, ng'ambo ya mdomo wa Ruvuma. 1916 Wareno wakairejesha mikononi mwao. Ndugu za bibi walikuwa pande zote mbili, na walipokuja kwa mtumbwi zawadi ilikuwa tumbaku. Vita vya FRELIMO dhidi ya Wareno vilipoanza Septemba 1964 nilikuwa na miaka kumi. Wapiganaji niliowaona walivuta misokoto ya karatasi ya gazeti, tumbaku ya moshi ya Songea, ile ambayo ushirika wa Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, ulikuwa ukiiuza tangu 1936. Viongozi wa Kuba nao walikuja: Che Guevara alifika Dar es Salaam Februari 1965, na Castro mwenyewe akaja Machi 1977. Sigara zao sisi wa Mtwara tuliziona gazetini tu.

Basi 2021, jioni, kusi limetulia. Nilikula kwanza ugali wa muhogo na changu wa kuchoma, kwa kuwa ligero haimwonei huruma mwenye tumbo tupu. Nilikata kichwa kwa wembe. Niliwasha kibiriti, nikaacha salfa yake iungue, ndipo nikaizungusha sigara juu ya moto bila kuigusisha. Moshi haumezwi, unakaa mdomoni kama kahawa ya moto.

Mwanzo ulikuwa pilipili manga, na kakasi ya bibo lisiloiva vizuri. Nikafikiri miaka kumi na miwili imepotea bure. Katikati kakasi ikaondoka, ikaja harufu ya korosho zinazobanguliwa kwenye kigae, ngozi ya viatu vipya, udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Jivu lilishika, jeupe, urefu wa pingili mbili. Kisha chini ya yote nikakisikia kitu nisichokitarajia: dari ya bibi. Huenda ni sigara, huenda ni mtete uliokaa na ugoro wake miaka sitini. Sijali. Theluthi ya mwisho ilinipiga kichwani, nikaomba chai ya rangi yenye sukari nyingi. Mke wangu aliileta akinuna. Ana haki, tumbaku imewazika wengi, na daktari wangu alikuwa akinisema kila mwezi.

Sijawasha nyingine. Ugoro nimeacha. Lakini wachuuzi wa vinyago wanapita vijijini wakinunua mitete kwa bei ya kilo chache za sukari, na wanaiosha kwa sabuni ing'ae kabla ya kuipeleka mjini. Kama wewe ni wa Newala, Kitangari au Mahuta, na kwenu kuna mtete wa bibi au babu, uliza ulikuwa wa nani, andika jina lake, fungua kizibo unuse. Usiuoshe.