Fizikia ya Mpemba

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapa makala ya kurasa nne yenye kichwa cha neno moja na alama ya kuuliza: "Cool?" Waandishi walikuwa wawili. Mmoja ni Denis Osborne, aliyefundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam. Wa pili ni Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania ambaye wakati huo alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi.

Watu wa sayansi wanaikumbuka makala hii kwa sababu ya dai lake la ajabu, kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Mimi huirudia kwa sababu nyingine. Sehemu ya kwanza anasimulia Mpemba mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, bila mapambo, na anachosimulia ni maisha ya darasani. Ukiisoma kama fasihi, ni hadithi ya mwanafunzi na kile ambacho shule inamtarajia awe. Na swali hilo la matarajio, hasa kwa wanaosoma fizikia kidato cha tano na sita, bado liko mezani.

Hadithi inaanza mwaka 1963 katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Mpemba yuko kidato cha tatu. Wavulana wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ni finyu, kila mtu anaigombea. Mwenzake mmoja anachanganya maziwa na sukari bila kuchemsha, anawahi kuweka. Mpemba anaona akisubiri yake yapoe atakosa nafasi, basi anayatia yakiwa ya moto vilevile, hata kama friza itaharibika. Baada ya saa moja na nusu hivi wanafungua. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimuuliza mwalimu. Akajibiwa kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Angeweza kuliacha hapo. Lakini baadaye alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kuwa wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande haraka. Hapa huwa natua kidogo. Huyu muuza aiskrimu hakuwa na nadharia. Alikuwa na wateja, jua la pwani, na sababu nzuri ya kutaka kazi iishe mapema. Maarifa yalikuwepo mtaani. Kilichokosekana ni darasa la kuyapokea.

Mpemba alifaulu kidato cha nne akaenda Mkwawa, Iringa, kusoma ngazi ya juu. Mada mojawapo ya mwanzo ilikuwa joto, na ndani yake kanuni ya Newton ya upoaji: kitu hupoa kwa kasi inayolingana na tofauti kati ya joto lake na joto la mazingira. Kijana akaona hapa ndipo mahali pa kuuliza tena. Jibu la mwalimu lilikuwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaipokea kauli hiyo kama utani wa kudumu. Akikosea hesabu, wenzake wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Ukiwahi kukaa bweni, unajua utani wa namna hii unavyodumu. Unakaa nao miaka miwili mizima.

Tuwe waadilifu kwa mwalimu yule. Siku zile kidato cha sita kilimalizwa kwa mtihani wa Cambridge. Tanzania ilianzisha Baraza lake la Mitihani mwaka 1973. Mwalimu alikuwa na silabasi iliyotoka mbali, muda mchache, na wanafunzi ambao kila mmoja wao alikuwa tegemeo la ukoo. Kazi yake ilikuwa kuwafikisha kwenye karatasi ya mtihani. Swali la maziwa ya moto halikuwa na alama hata moja kwenye karatasi hiyo. Kwa kipimo cha mtihani, alikuwa anatumia muda wake vizuri.

Mpemba hakubishana zaidi. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi na haina mtu. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu. Baada ya saa moja zote zilikuwa hazijaganda kabisa, lakini iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi.

Kisha Osborne akaalikwa shuleni kuzungumza na wanafunzi. Maswali yakaja, na Mpemba akasimama. Hakusema "nimesikia" wala "inasemekana". Alitaja bika mbili zenye ujazo sawa wa maji, moja ikiwa na nyuzi 35, nyingine nyuzi 100. Ukiziweka kwenye friza, ya nyuzi 100 inatangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake walicheka. Wengine walimwambia baadaye kuwa amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne naye hakuamini, na ameandika hivyo waziwazi. Lakini alimuuliza kijana kama kweli amelijaribu, akaahidi kulijaribu mwenyewe. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yalitangulia kuganda, ila ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi.

Nilicheka niliposoma hapo mara ya kwanza, kisha kicheko kikakata. Nami nilisoma mchepuo wa PCM, na najua fundi yule hakuwa peke yake. Mazoezi mengi ya maabara yana jibu linalojulikana kabla ya mtu kushika saa. Unaning'iniza pendulamu, unapima mizunguko, unachora grafu, na kila aliyemo chumbani anajua kasimvutano ni 9.8. Anayepata 9.3 haulizi kuna nini kwenye uzi wake. Anaanza kutafuta namna ya kufika 9.8. Yaani tunaita jaribio kitu ambacho hakiruhusiwi kutushangaza.

Majaribio yaliyofuata Dar es Salaam yalionyesha kuwa mvuke uliopotea haukutosha kueleza tofauti, na kwamba utando wa mafuta juu ya maji ulichelewesha sana kuganda. Yaani joto lilikuwa likitoroka zaidi kupitia uso wa maji. Hapo ndipo makala ilipozaliwa, jina la mwanafunzi likiwa la kwanza.

Je, Mpemba alikuwa sahihi? Jibu bado linabishaniwa. Aristotle, Bacon na Descartes waliandika mambo yanayofanana na hayo karne nyingi kabla yake. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliahidi pauni 1,000 kwa maelezo bora, na zaidi ya watu 22,000 wakajaribu. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo kwa uangalifu, wakasema hawaoni ushahidi wa maana. Kusogeza kipimajoto sentimita moja kunatosha kukudanganya. Mwaka 2020 watafiti wawili nchini Kanada waliona tukio linalofanana na hilo, si kwenye maji yanayoganda, bali kwenye chembe ndogo sana zinazopoa.

Mwalimu wa Mkwawa angeweza kushika utafiti wa 2016 na kusema, "si niliwaambia?" Lakini Burridge na Linden walifika pale kwa kupima, kama Mpemba alivyopima. Yeye alifika kwa kukataa kupima. Wanaweza wakafika mahali pamoja, ila njia moja tu ndiyo fizikia.

Tunamtarajia mwanafunzi wa ngazi ya juu ajue kanuni, akokotoe haraka, amalize mitihani iliyopita yote ya miaka kumi. Si matarajio mabaya. Daraja linahitaji mtu anayejua kukokotoa. Lakini Mpemba aliijua kanuni ya Newton. Bila hiyo asingeona kwamba maziwa yake yanagombana nayo. Kujua kanuni ndiko kulikomfanya ashtuke. Kosa la darasa lilikuwa kudhani kwamba kanuni ipo ili mtu aache kushtuka.

Mpemba hakuwa mwanafizikia. Alifanya kazi ya wanyamapori serikalini, na jina lake likabaki kwenye maabara za watu ambao hawajui Lushoto iko wapi. Jina lile lile lililokuwa tusi la darasani, fizikia ya Mpemba, leo linaandikwa kwenye majarida bila mtu kucheka.