Kungoja Mpanda, Kungoja Kwingineko

Tawi la reli linalochepuka Kaliua hukomea Mpanda, mkoani Katavi. Lilifika hapo mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi; mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki kubeba watu na mazao. Treni haiji kila siku, na ikija ina mwendo wake, kwa hiyo abiria wa Katavi ni mabingwa wa kungoja. Hata leo, ambapo wenye haraka wana lami ya kupitia Koga, stesheni haikosi watu waliokaa na mizigo yao bila la kufanya.

Katika muhula wa baridi wa 1929–30, mwanafalsafa Martin Heidegger aliwapa wanafunzi wake wa Freiburg, Ujerumani, mfano unaokaribiana na huo. Mtu amekwama kwenye stesheni ndogo ya mashambani. Treni itafika baada ya saa nne nzima. Mkobani ana kitabu, lakini hana hamu nacho. Anasoma ratiba, anatazama saa, anatoka barabarani, anahesabu miti, anachorachora mchangani, anatazama saa tena. Kwa Heidegger, hiyo ni ngazi ya juujuu tu. Chini yake kuna kuboeka kuzito zaidi, ambako kila kitu kinapoteza mvuto kwa pamoja, na hapo ndipo mtu anapokabiliwa na swali la kuwapo kwake: muda huu ni wangu, nitaufanyia nini?

Mpanda mambo huenda vingine. Mama anatandika kitenge kivulini na kuwalaza watoto. Vijana wamechora drafti kwenye kipande cha boksi; kete ni vizibo vya soda, na watazamaji ni wengi kuliko wachezaji. Mzee anamuuliza jirani atokako, na baada ya maneno machache imekwisha julikana nani mtani wa nani. Tusiwapambe: nao wanaboeka, wanapiga miayo, wanainuka mara kwa mara kuchungulia reli. Ila abiria wa Heidegger hana wa kumsalimia. Stesheni yake lazima iwe tupu, maana hoja inamtaka mtu mmoja mbele ya muda mtupu. Kule kuboeka kunazaa swali. Huku kunazaa mazungumzo. Swali la kule lina kina ambacho porojo za kivulini hazikifikii. Mazungumzo ya huku nayo yana watu ambao swali lile haliwahitaji.

Jangwa la Misri lilikuwa na mtazamo mkali zaidi. Evagrius, mtawa aliyeishi Kellia na kufariki mwaka 399, aliihesabu hali hii kuwa shambulio la pepo wa adhuhuri. Pepo huyo humvamia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane, kwa hesabu ile ile ya saa tunayoitumia sisi, inayoanza jua linapochomoza. Jua linaonekana limeganda, siku inarefuka kama ina saa hamsini, na mtawa anachungulia nje kupima kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia. Dawa ni kutobanduka chumbani na kuendelea na kazi ya mikono. Mtawa mwingine, Yohane Cassian, anasimulia habari za Abba Paulo, aliyeishi mbali mno na soko: alikusanya makuti na kuyafanyia kazi mwaka mzima, pango likijaa anayachoma moto, kisha anaanza upya.

Warina asali wa Inyonga, wilayani Mlele, nao huenda kukaa kambini katika miombo, mbali na nyumbani. Lakini utupu wao ni wa aina nyingine. Mfugaji nyuki wa jadi hanunui nyuki. Anatayarisha mzinga wa gogo au wa gome, anaupaka nta ndani, anautundika juu ya mti na kuondoka. Kundi litaingia likipenda. Abba Paulo alifanya kazi ili muda usimshinde. Mrina asali anauachia muda sehemu ya kazi. Kwa mtawa, siku isiyo na tukio ni vita. Kwa mrina, ni siku ya kawaida, na anayeshindwa kuivumilia hatadumu porini.

Watafiti wa siku hizi wameyapima haya kwa vipimo vyao. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwaacha watu chumbani kwa dakika 15 na fikra zao tu, pamoja na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18, na wanawake 6 kati ya 24, walikibonyeza, ingawa awali walisema wangelipa fedha kuepuka shoti hiyo. Mwaka huo huo, Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Uingereza walionyesha upande wa pili: walionakili kwanza namba za kitabu cha simu walibuni matumizi mengi zaidi ya vikombe viwili kuliko wasiochoshwa. Evagrius asingeshangazwa na Virginia. Pengine angeshangaa kusikia kwamba pepo wake ana faida.

Faida hiyo lakini ina mpaka, na mpaka wenyewe uko Katavi. Makazi ya Mishamo yalianzishwa mwaka 1978 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walilima wakajilisha, huku wakingoja nchi. Uraia wa Tanzania ulikuja kwa wengi mwaka 2014. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti hapo miaka ya 1980, aliona kwamba wakimbizi wa Mishamo walisimulia historia yao kwa ukali na mpangilio ambao wenzao waliochanganyika na watu mjini Kigoma hawakuwa nao. Kuiita hali hiyo kuboeka kungekuwa kukosa adabu. Kungoja kusikochaguliwa nako huzaa fikra, ila mngojaji hapangi zitakuwa zipi.

Kwa hiyo anayejiruhusu kuboeka ni yule mwenye uwezo wa kuondoka, akakaa. Hapo Kellia, Freiburg na Mpanda zinakubaliana, kisha zinaachana tena juu ya nani akae naye. Simu imeingia kote, lakini hasara haifanani. Abiria wa Ujerumani anayezama kwenye skrini anapoteza swali lake, na swali anaweza kulirudia usiku kitandani. Abiria wa Mpanda anapoteza jirani, na jirani huyo atateremka Kaliua.