Sura kwenye bamba la fedha

Sisi tulioandikishwa kambini tunaijua ile picha ya kwanza ya ukimbizi. Unasimama, unaangalia kamera, hutabasamu, unapewa namba. Hatuikatai, maana bila hiyo hakuna mgao. Lakini kuna watu waliopigwa picha za namna hiyo ili wauawe, na kuna mkimbizi mwenzetu aliyechukua sura zao akazitoa kwenye faili.

Anaitwa Binh Danh. Alizaliwa Vietnam mwaka 1977, vita vikiwa vimekwisha miaka miwili nyuma. Familia yake ilikimbia kwa mashua, ikapitia kambi ya wakimbizi Malaysia, kisha ikahamia California, naye bado mtoto.

Alipoanza usanii alichapa picha kwenye majani ya miti. Ndiyo, majani! Analaza plastiki angavu yenye picha juu ya jani bichi, anafunika kwa kioo, anaacha juani siku kadhaa, hata wiki. Penye mwanga jani linapauka. Penye kivuli cha picha ukijani unabaki. Mengi yanaharibika njiani. Likitoka zuri analihifadhi ndani ya gundi ngumu inayoonyesha kama kioo.

Kwenye majani hayo aliweka sura za watu wa Tuol Sleng. Hiyo ilikuwa shule mjini Phnom Penh, Kambodia, ambayo Khmer Rouge waliigeuza gereza kati ya 1975 na 1979. Kila mfungwa alipigwa picha alipoingia. Karibu wote waliuawa. Picha zilibaki.

Baadaye sura hizo hizo akaziweka kwenye dagerotipi, na hapa ndipo kazi yake inapotugusa zaidi. Dagerotipi ni njia ya zamani sana, ilitangazwa Paris mwaka 1839 na Louis Daguerre. Unachukua bamba la shaba lililopakwa fedha, unalisugua mpaka ling'ae, unalipitisha kwenye mvuke wa iodini ili lishike mwanga. Likishapigwa mwanga, picha inatokezwa kwa mvuke wa zebaki ya moto, ambao ni sumu kweli, msijaribu nyumbani. Hakuna negativu. Bamba ni moja tu, likipotea limepotea, na wengi wetu tulioacha picha za familia nyuma tunaelewa maana yake.

Halafu bamba lenyewe ni kioo cha kujitazamia. Ukisimama vibaya unajiona wewe tu. Ukisogea kidogo, yule mfungwa anatokea, na uso wako bado uko pale pale pembeni yake. Kwa maoni yetu ndiyo sababu ya kuhangaika na zebaki wakati simu zipo: kwenye faili la gereza ulikuwa unamkagua mtu, kwenye bamba mnatazamana.

Danh hakuishia kwenye vifo. Aligeuza gari kuwa chumba cha giza, akaenda nalo Yosemite, lile bonde maarufu la California, akapiga miamba na maporomoko kwa dagerotipi. Picha za Carleton Watkins za mwaka 1861 ndizo zilizosaidia bonde hilo kulindwa kisheria mwaka 1864. Kinachosahaulika ni kwamba lilikuwa na wenyewe, Waahwahneechee, waliofukuzwa na wanamgambo mwaka 1851. Leo anayesimama mbele ya mabamba ya Danh, awe mwenyeji au mgeni kama sisi, anauona uso wake umekaa juu ya mwamba.